Baba Ametuachia Masanduku ya Katuni: Je, Bei Hizi Zitadumu?

SWALI

Mheshimiwa Mshauri,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzaliwa wa kwanza katika familia ya watoto watatu, na msimamizi wa mirathi ya marehemu baba yetu aliyefariki mwaka juzi. Baba alikuwa baharia. Katika kila bandari ambayo meli yake ilitia nanga alinunua majarida ya katuni ya kusomea usiku wa zamu, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kutupa kitu, alirudi nayo nyumbani na kuyapanga ndani ya sanduku ambalo sisi watoto tulikatazwa kuligusa, ingawa tuliligusa.

Sanduku hilo lina nakala arobaini na kitu za miaka ya 1960 na 1970, zikiwemo The Amazing Spider-Man namba 50 ya mwaka 1967 na The Incredible Hulk namba 181 ya mwaka 1974. Baadhi zina bei ya senti 12 za Marekani juu ya jalada, na nyingine zimeandikwa 9d au 10d, yaani peni za Uingereza za zamani. Yapo pia masanduku mengine mawili, ambayo ni ya kitindamimba wetu, mdogo wangu wa kiume. Yeye alirithi ugonjwa wa baba, akanunua majarida yake mwenyewe kati ya mwaka 1991 na 1993 kwa fedha alizodunduliza. Humo mna X-Men namba 1 yenye majalada yote matano, na nakala sita za Superman namba 75, zile za kifo cha Superman, ambazo hadi leo hazijatolewa kwenye mifuko yake myeusi.

Tatizo lilianza mdogo wangu aliposoma habari za ndugu watatu wa California waliokuta jarida la Superman namba 1 darini kwa marehemu mama yao, likauzwa mnadani Novemba 2025 kwa zaidi ya dola milioni 9. Tangu siku hiyo halali. Anasema bei za majarida haya zimekuwa zikipanda tangu akiwa mtoto, kwamba haziwezi kusimama kwa sababu mashujaa wenyewe sasa wanajulikana dunia nzima, na kwamba kuuza sasa ni kujikata mkono. Anataka tusiuze hata moja. Zaidi ya hayo, anataka tuchukue nusu ya mafao ya baba, fedha tulizokubaliana zibaki kwa ajili ya matibabu ya mama yetu aliye hai, tununue nakala nyingine zilizokwisha kupimwa ubora na kufungwa kwenye makasha ya plastiki, kisha baada ya miaka mitatu tumrudishie mama mara mbili yake.

Mdogo wetu wa kike, kwa upande wake, anataka kila kitu kiuzwe kesho asubuhi na tugawane. Mimi nimekaa katikati. Sipendi kuonekana mwoga anayewanyima ndugu zake riziki, wala sitaki kuwa msimamizi aliyeteketeza fedha za mama yake kwa ajili ya karatasi.

Niongeze jambo moja kwa aibu kidogo. Mdogo wangu alipokuwa na umri wa miaka tisa alikata kipicha kidogo kwenye ukurasa wa barua za wasomaji ndani ya ile Hulk namba 181, akakibandika kwenye mlango wa kabati. Na wiki iliyopita nilimkuta ameshika selotepu, akitaka kuunganisha mgongo wa jarida jingine lililoachia. Nilimzuia, lakini sikuwa na hoja ya kumpa.

Je, bei hizi ni za kweli, na zitadumu?

Dada Mkubwa

JIBU

Marahaba, Dada Mkubwa, na poleni kwa msiba, kwa maana mirathi yenye masanduku ambayo hayajafunguliwa hurefusha matanga.

Nianze na lile lisilohitaji mjadala. Fedha za matibabu ya mama yenu zisiguswe, hata kama bei za majarida ya katuni zingekuwa na hakika ya kupanda kila mwaka, jambo ambalo halipo. Fedha ambazo zinaweza kuhitajika Jumatatu haziwekwi kwenye kitu ambacho huchukua miezi kukiuza kwa bei nzuri. Jarida likishapelekwa kupimwa, likasubiri foleni, likaingizwa kwenye orodha ya mnada na malipo yakasubiriwa, nusu mwaka inaweza kwisha, na hospitali haina subira hiyo. Ukimwambia mdogo wako hivyo hutakuwa mwoga. Utakuwa unasimamia mirathi, na hiyo ndiyo kazi uliyopewa.

Sasa nije kwenye swali lenyewe, na nitamtendea haki mdogo wako kwa kukiri kwanza kile alichokiona sawasawa. Action Comics namba 1, jarida la mwaka 1938 lililomtambulisha Superman na kuuzwa kwa senti 10, limepanda bei kwa namna ambayo haiwezi kuitwa uvumi. Nakala iliyopewa alama 8.5 kati ya 10 kwa ubora wa hali yake iliuzwa kwa dola milioni 1.5 mwaka 2010. Nakala ya alama hiyo hiyo ikafikia dola milioni 3.25 mwaka 2021, na nyingine ikauzwa mnadani kwa dola milioni 6 Aprili 2024. Habari ya wale ndugu watatu na dari ya mama yao nayo ni ya kweli. Kwa hiyo hajadanganywa. Kosa lake ni kudhani kwamba kilichopandisha bei hizo kimo pia ndani ya masanduku yake.

Tazama jinsi thamani ile ilivyozaliwa. Nakala za Action Comics namba 1 zilizochapishwa zilikuwa takriban 200,000, na zinazokadiriwa kubaki leo ni kama mia moja tu. Nyingine zote ziliishia mikononi mwa watoto waliozisoma mpaka zikachanika, wakazibadilishana, wakazikata. Kisha vita kuu ya pili ikaja na kampeni za kukusanya karatasi kuukuu kwa ajili ya viwanda, na milundo ya majarida ikaenda kusagwa. Hakuna aliyeyahifadhi kama mali, kwa sababu hakuna aliyefikiri ni mali, na ni kutojua huko kulikoyafanya yawe adimu. Aliyebaki na nakala safi hakuwa mwekezaji mwerevu. Mara nyingi alikuwa mtu aliyesahau tu kutupa, kama marehemu baba yenu.

Linganisha na miaka ambayo mdogo wako alikuwa akidunduliza. Kufikia mwaka 1991 magazeti yalikwisha kuandika mara nyingi juu ya bei za majarida ya kale, na kila mnunuzi alijua, au alidhani anajua, kwamba toleo la kwanza ni dhahabu. Wachapishaji nao walijua kwamba wanunuzi wanajua. X-Men namba 1 ya mwaka huo ikatolewa kwa majalada matano tofauti ili mtu mmoja anunue mara tano, na nakala zilizosambazwa zikapita milioni 8, idadi ambayo haijapata kufikiwa na toleo jingine la jarida moja la katuni. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 1992, ikaja Superman namba 75 ndani ya mfuko mweusi pamoja na kitambaa cha maombolezo cha kuvaa mkononi, nayo ikauzwa kwa mamilioni. Watu walipanga foleni, wakanunua nakala mbili, moja ya kusoma na moja ya kusomeshea watoto chuo kikuu. Mimi mwenyewe nilinunua tatu, na sikuwa na mtoto.

Tatizo ni kwamba walioyahifadhi walikuwa wote. Jarida lililochapishwa kwa mamilioni, likafungwa plastiki siku ya kwanza na kuwekwa kabatini bila kusomwa, haliwezi kuwa adimu hata likikaa miaka mia, na kwa sababu hiyo X-Men namba 1 ya 1991 katika hali ya kawaida bado hupatikana kwa dola chache, zaidi ya miaka thelathini baada ya kutoka. Walanguzi walipogundua kwamba hakuna wa kumuuzia isipokuwa mlanguzi mwingine, waliacha kununua kwa pamoja, maduka kwa maelfu yakafungwa katika miaka michache, na Marvel yenyewe, kampuni inayochapisha X-Men na Spider-Man, ikaomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi Desemba 1996. Mdogo wako aliyapitia haya kwa macho yake akiwa kijana, nami nashangaa kidogo kwamba anasema bei zimekuwa zikipanda tangu utoto wake. Zilizopanda ni zile alizokuwa akisoma habari zake. Zile alizozinunua zililala.

Kwa hiyo ukiniuliza kama bei za majarida ya katuni zitadumu, nitakuuliza bei za majarida yapi, maana soko hili halina mwendo mmoja. Kuna kundi dogo la kale, lenye mhusika anayependwa na nakala chache zilizosalia, ambalo limepanda kwa muda mrefu huku likiyumba njiani. Kuna lundo kubwa la miaka ya 1980 na 1990 ambalo halitakwenda kokote. Na kuna kundi la tatu, lile ambalo mdogo wako anataka kulipeleka fungu la mama yenu, la nakala za karibuni zaidi zilizopimwa na kufungwa kwenye makasha. Hili la tatu ndilo ningependa tulitazame kwa makini, kwa kuwa ndilo linalovutia watu wenye haraka.

Upimaji huo ulianza mwaka 2000, kampuni ya CGC ilipoanza kupokea majarida, kuyapa alama kuanzia 0.5 hadi 10, na kuyafunga ndani ya kasha la plastiki lisilofunguka bila kuvunjwa. Ulileta faida ya kweli, kwa sababu mnunuzi aliye mbali aliweza kuamini maelezo ya muuzaji asiyemjua. Lakini ulizaa pia aina mpya ya uadimu, uadimu wa alama badala ya uadimu wa jarida. Chukua New Mutants namba 98 ya mwaka 1991, ambamo Deadpool alionekana kwa mara ya kwanza. Si jarida adimu hata kidogo, na nakala zake zilizopewa alama za juu kabisa zimefikia maelfu, kwa kuwa zilinunuliwa na watu waliokuwa wakihifadhi kila kitu. Mtu anayelipa bei kubwa kwa nakala ya 9.8 analipia tofauti ambayo jicho lisilozoea haliwezi kuiona ukiiweka kando ya 9.6, na wakati huo huo kila mwaka masanduku zaidi yanafunguliwa, nakala zaidi zinapelekwa kupimwa, na idadi ya zile 9.8 inaongezeka. Idadi hiyo haipungui, isipokuwa nyumba ikiungua.

Hata kasha lenyewe halimalizi mashaka yote. Mwishoni mwa mwaka 2023 CGC ilitangaza kwamba imegundua udanganyifu uliofanywa kwa kutumia huduma yake ya kubadilisha makasha, ambapo nakala duni ziliwekwa chini ya lebo za nakala bora. Sisemi hivyo ili kuwatia hofu wanunuzi wote, maana namba ya cheti inaweza kuhakikiwa na picha kulinganishwa, na wengi hufanya hivyo. Nasema kwa sababu mdogo wako anazungumza juu ya makasha kana kwamba ni hati za benki.

Kisha kuna suala la ule mpando mkubwa wa mwaka 2020 na 2021, ambao nahisi ndio uliobaki kichwani mwake. Watu walikuwa wamefungiwa majumbani, serikali ya Marekani imewatumia raia wake fedha za kujikimu, riba ya benki kuu iko karibu na sifuri, na burudani za kutoka nje zimesimama. Fedha zilizokosa pa kwenda ziliingia kwenye kadi za wachezaji, viatu, sarafu za kidijitali na majarida ya katuni, vyote kwa pamoja. Vitu visivyo na uhusiano vikipanda siku moja, jua kwamba sababu haiko ndani ya vitu hivyo. Kuanzia Machi 2022 riba zikaanza kupandishwa, zikapita asilimia 5 kufikia katikati ya 2023, na bei za majarida mengi ya daraja la kati zikashuka sana kutoka kilele chake. Waliokuwa wamenunua kwa ajili ya kusoma au kutazama hawakusikia maumivu. Walioumia ni walionunua kwa ajili ya kumuuzia mwingine kabla ya Krismasi.

Hapa nitakupa hesabu ambayo unaweza kumwekea mezani, kwa kuwa imejengwa juu ya mfano bora kuliko wowote anaoweza kuuleta. Amazing Fantasy namba 15 ya mwaka 1962, jarida la kwanza la Spider-Man, nakala ya alama 9.6, iliuzwa kwa dola milioni 1.1 Machi 2011. Septemba 2021, soko likiwa katika joto lake kali, nakala ya alama hiyo hiyo ikauzwa kwa dola milioni 3.6. Ni zaidi ya mara tatu katika miaka kumi na nusu, na magazeti yalishangilia. Lakini katika kipindi hicho hicho kipimo cha hisa za kampuni kubwa za Marekani, S&P 500, kilitoka kwenye pointi 1,300 hivi hadi karibu 4,500, yaani karibu mara tatu na nusu, bila kuhesabu gawio ambalo wenye hisa walikuwa wakilipwa kila mwaka. Mtu aliyenunua hisa za kawaida kabisa, akalala, alimpita mwenye jarida la fahari kuliko karibu yote, wala hakulipia bima ya kulihifadhi. Na huo ni mfano wa mshindi. Walioshindwa hawaandikwi gazetini.

Ongeza gharama za kuingia na kutoka. Katika minada mikubwa mnunuzi hulipa ada juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyotajwa mnadani, ada ambayo mara nyingi ni kama asilimia 20, na bei zinazotangazwa kwa kawaida zimekwisha kujumlisha ada hiyo. Ukinunua leo kwa jumla ya dola 100 kisha ukauza kesho kwa mtu atakayelipa 100 ile ile, nyumba ya mnada inachukua sehemu yake na wewe unapokea kama 83, kabla ya kamisheni ya muuzaji, usafirishaji na upimaji. Bei inabidi ipande kwa moja ya tano ndipo urudi ulikoanzia. Ndiyo maana ile ahadi ya kumrudishia mama mara mbili kwa miaka mitatu inanitisha, kwani kwa hesabu hizi bei ya soko ingebidi ipande karibu mara mbili na nusu.

Sasa niache hesabu kidogo, kwa sababu hoja yenye nguvu zaidi ya mdogo wako haihusu hesabu. Anasema mashujaa hawa wanajulikana dunia nzima, na kwa hiyo mahitaji hayatakwisha. Ni hoja nzuri, na wachambuzi wengi huisema kwa maneno mengi zaidi. Lakini kumpenda mhusika na kulitaka jarida lake la karatasi ni mambo mawili. Katika miaka ya 1940 na 1950 Roy Rogers, mwigizaji wa filamu za wachunga ng'ombe, na Lone Ranger, mpanda farasi mwenye kinyago wa hadithi za redio, walikuwa mashujaa wakubwa wa watoto wa Marekani, na kampuni ya Dell ilichapisha majarida yao kwa wingi. Watoto wale walipofika umri wa kuwa na fedha na kutamani utoto wao, walinunua tena majarida yale kwa bei nzuri, na bei zikaonekana kuwa imara. Kisha wanunuzi hao wakazeeka, wakaanza kuuza badala ya kununua, wakafariki, na warithi wao hawakuwa na kumbukumbu yoyote ya mpanda farasi mwenye kinyago. Bei zikapoa. Karatasi ilikuwa ile ile, na idadi ya nakala haikuongezeka. Aliyepungua ni mtu wa kuitamani.

Je, Spider-Man atapata hatima hiyo? Nadhani hapana, angalau si upesi, kwa sababu kila kizazi kinamkuta upya katika filamu na michezo ya kompyuta, jambo ambalo Lone Ranger hakubahatika kulipata. Ila mtoto aliyemkuta kwenye skrini hana deni la moyo kwa jarida la 1967 kama alilonalo mzee aliyelinunua kwa senti 12 za mfukoni. Wengine wao watalitamani kwa sababu ni chimbuko, kama watu wanavyotamani hati za kale, na hao watatosha kushikilia bei za majarida machache ambayo kila mtu anayajua kwa jina: la kwanza la Superman, la kwanza la Batman, la kwanza la Spider-Man. Kwa yale ya daraja la pili, ambayo thamani yake inategemea umati mkubwa wa wanunuzi wa kawaida wenye kumbukumbu za utotoni, sioni kwa nini bei zipande daima. Na kwa yale yanayopanda kwa sababu studio imetangaza filamu ya mhusika fulani, mwenendo umeonekana mara nyingi mno: bei hupaa siku ya tangazo, na filamu ikishatoka hushuka, kwa kuwa waliokuwa wakiisubiri ni wauzaji.

Nije sasa kwenye sanduku la baba. Sanduku hili, tofauti na mengine mawili, lina kitu. Spider-Man namba 50 ni jarida linalotafutwa, kwa ajili ya lile jalada maarufu la shujaa aliyetupa kisogo na kwa sababu adui wake Kingpin anaonekana humo kwa mara ya kwanza. Hulk namba 181 ni ya kwanza yenye Wolverine, yule shujaa wa X-Men, ndani ya hadithi kamili, na ni miongoni mwa majarida ya miaka ya 1970 yenye wanunuzi wengi. Kipicha alichokikata mdogo wako ni stempu ambayo Marvel iliwahimiza wasomaji kuikata na kuikusanya, na walioitii ni wengi. Kwa sababu hiyo nakala isiyo na stempu hushuka alama na kupoteza sehemu kubwa ya bei. Mweleze bila kumcheka. Alifanya kile jarida lilichomwambia afanye, na kama kila mtoto asingefanya hivyo, nakala kamili zisingekuwa na bei ziliyonayo.

Zile zenye bei ya peni zilichapishwa na mitambo ile ile kwa ajili ya soko la Uingereza, na kwa idadi ndogo kuliko zile za senti. Ungetarajia ziwe ghali zaidi, lakini kwa kawaida wanunuzi wengi huzilipia pungufu, kwa sababu soko kubwa ni la Wamarekani nao wanataka lile jarida walilolijua. Uadimu usio na mtu wa kuutamani hauna bei, na sanduku lenu lina ushahidi wake.

Kuhusu selotepu, hoja uliyoikosa ni hii: selotepu huhesabiwa kuwa kasoro, na marekebisho mengi mengine pia huhesabiwa dhidi ya jarida. Jarida ambalo CGC inaliona kuwa limerekebishwa hupewa lebo ya zambarau, na wanunuzi hulikwepa, kiasi kwamba mgongo ulioachia wenyewe mara nyingi una thamani kuliko mgongo uliobandikwa. Msibandike, msifute alama za penseli, msipangue kurasa. Karatasi ya majarida hayo ni ya bei nafuu, ina asidi ndani yake, na huwa ya njano na kuvunjika ikikaa kwenye joto, unyevu na mwanga. Iwekeni mahali pakavu na penye ubaridi, kila nakala katika mfuko wa plastiki unaotengenezwa kwa ajili hiyo pamoja na ubao wa karatasi isiyo na asidi nyuma yake, zikisimama wima.

Kisha zithaminini, ila si kwa bei ambazo wauzaji wanaziomba. Mtu yeyote anaweza kuomba chochote. Tafuteni bei zilizolipwa kweli katika minada ya miezi kumi na miwili iliyopita, kwa nakala za alama inayofanana na zenu, na mkadirie alama kwa ukali, kwani warithi wote huona nakala za baba yao kuwa safi kuliko zilivyo. Zinazostahili gharama ya kupelekwa kupimwa pengine hazitazidi tatu au nne. Zilizosalia ziuzwe bila kasha, au zibaki.

Na hapo ndipo naona njia ya kuwapatanisha. Sanduku la baba likishathaminiwa, andikeni orodha yenye bei mbele ya kila jarida, na orodha hiyo iwe sehemu ya mirathi. Mdogo wenu wa kike apewe fungu lake kwa fedha taslimu, kutokana na yatakayouzwa. Mdogo wako wa kiume aruhusiwe kuchukua fungu lake kwa majarida, kwa bei iliyoandikwa, achague mwenyewe yale anayoamini yatapanda. Kama bei zitadumu, atafaidi peke yake na hamtamwonea wivu. Kama zitaanguka, atabaki na majarida ya baba yake, ambayo nahisi angeyataka hata bila bei. Yale masanduku yake mawili ni yake, hayaingii kwenye mirathi, na nakala zake sita za Superman anaweza kuanza kuzifungua azisome. Usisubiri kilele cha soko ili uuze fungu la wengine. Hakuna kengele inayolia kileleni, na msimamizi wa mirathi halaumiwi kwa kuuza kwa bei ya haki ya siku ile.

Mkiamua kuiuza Hulk namba 181, andikeni katika mstari wa kwanza wa maelezo kwamba stempu haimo, na mweke picha ya ukurasa uliokatwa kabla ya picha ya jalada, kwa sababu kila mnunuzi anayelijua jarida hilo ataufungua ukurasa huo kwanza.

Mshauri